Bakuli la Siku ya Saba

Tong Wing-sau alipika uji wa mchele kwa miaka arobaini na mmoja, na katika miaka hiyo yote hakuna aliyemsikia akiusifu. Wateja waliusifu. Madereva wa teksi waliusifu, wengine wakitoka kisiwani ng'ambo na kupita handaki la chini ya bahari, kisha wakaegesha pasiporuhusiwa ili wale haraka waondoke. Yeye akiulizwa alisema, "Unalika," akarudi kwenye masufuria yake. Alikuwa mtu mfupi, mkali, mikono imejaa makovu ya moto, na alikuwa na kile kiburi cha wapishi wanaojifanya hawana kiburi, ambacho ndicho kibaya kuliko vyote.

Mtu mmoja tu aliruhusiwa kuusema vibaya uji ule, naye ni mkewe, Kit-fong.

Kit-fong alikaa mbele kabisa ya duka, kwenye meza ya pembeni iliyo nyuma ya kioo, akifunga wantani, vifurushi vidogo vya kuchemshwa. Kipande chembamba cha unga uliokandwa kiganjani, kijiti kinachota kamba wa baharini na nyama ya nguruwe, vidole vinafumba mara moja, tayari, kingine. Vilipita elfu moja kwa siku, na mdomo nao haukupumzika. Alijua nani kwenye mtaa mzima kaachwa na mume, nani kashinda kwenye mbio za farasi na anajifanya kaliwa. Wateja walioletewa bakuli la tambi walichimba chini kuvitafuta vile vifurushi vyake, maana duka lile liliweka wantani chini na tambi juu zisilowe, na kila mmoja aliamini Bibi Fong kamwongezea kimoja kwa siri. Ukweli ni kwamba hakumwongezea mtu hata siku moja. Aliwakonyeza tu.

Asubuhi, kabla mlango wa chuma haujainuliwa, Sau alimpelekea bakuli la kwanza. Kit-fong alionja, akatoa hukumu.

"Leo mchele umenuna."

"Mchele haununi, Mama Nga," alimjibu, akimwita kwa jina la binti yao.

"Basi aliyenuna ni mpishi. Nani kakuudhi? Sema nikamtukane."

Au alisema, "Chumvi imekuja kutembea halafu ikaondoka." Siku chache sana, pengine mara nne kwa mwaka, hakusema kitu. Alikula tu mpaka akakwangua bakuli. Siku hizo Sau alipiga mluzi jikoni hadi saa sita, na mwenye duka, Bi Luk, aliyelirithi kwa baba yake, alijua kwamba leo akimwomba jambo lolote atakubaliwa.

Mwezi wa tisa Kit-fong akaanguka. Alikuwa na kifurushi mkononi, hajakifumba bado. Kiharusi kilichukua mkono wa kulia na mguu wa kulia, kikachukua maneno yote, yule mama aliyekuwa hanyamazi, na kikachukua koo. Koo lilisahau kazi yake. Kilichopaswa kwenda tumboni kilikwenda kwenye mapafu, na katika miezi mitatu akalazwa mara mbili kwa nimonia.

Binti yao, Sze-nga, mwalimu wa shule ya msingi, ndiye aliyeleta habari kutoka kwa daktari. Alizileta akiwa amesimama kwenye korido ya hospitali na mkoba wa madaftari ya wanafunzi begani.

"Baba, wanataka kumwekea mpira. Unapita puani mpaka tumboni. Maziwa yanapita humo."

"Kwa muda gani?"

"Ukishawekwa, kwa hali yake..." Sze-nga hakumaliza.

"Mama yako? Ale kwa pua?" Sau alipandisha sauti hadi wauguzi wakageuka. "Mama yako aliyekuwa akiniambia uji una maji nikiuzidishia tone moja tu? Huyo ndiye ale bila kuonja?"

"Unadhani mimi nataka? Nataka asife, Baba."

Walibishana pale pale, kisha wakabishana na daktari, na mwishowe daktari akawapa nafasi. Mgonjwa arudi nyumbani, alishwe vyakula vizito kwa kijiko kidogo, akiwa amekaa wima. Mwaka mpya wa Kichina ulikuwa umekaribia, basi wakakubaliana wamrudishe akaguliwe baada ya Siku ya Saba ya mwaka huo, ile siku ambayo kila mtu huongeza umri, anayetaka na asiyetaka. Mapafu yakiwa safi mpaka hapo, hakuna mpira. Yakichafuka, hakuna mjadala tena. Sau akasema sawa. Hakuwahi kutaka kitu maishani mwake kama alivyotaka hicho.

Siku ya kutoka hospitali, mtaalamu wa mambo ya kumeza, msichana aitwaye Bi Poon, alimpa Sau kopo la unga mweupe wa kufanya majimaji yawe mazito, yasipotee njia kwenda mapafuni.

"Mzee, chochote chenye majimaji uchanganye na unga huu. Supu, chai, maji ya kunywa. Na uji. Uji hasa."

"Uji wangu mzito. Kijiko kinasimama."

"Najua ni mzito ukitoka jikoni, ila ukikaa..."

"Binti yangu, nimeanza kupika uji mama yako hajaolewa."

Bi Poon alicheka, kwa adabu. Afadhali asingecheka, afadhali angemkalia kooni mpaka asikie. Lakini nyuma kulikuwa na foleni ya wagonjwa, na Sau alilipokea kopo kwa mikono miwili, akashukuru vizuri tu. Nyumbani maji na supu aliyatia unga kama alivyoagizwa, akipima kwa kijiko chake. Uji hakuutia. Kuutia unga uji wake aliona ni sawa na mtu kuja kumfundisha kutembea.

Akaanza kumleta dukani. Nyumba yao ya serikali ilikuwa dakika kumi kwa kiti cha magurudumu, na saa tatu na nusu, msongamano wa asubuhi ukiisha, Bi Luk alimwachia Sau nusu saa akamchukue. Kit-fong aliwekwa kwenye meza yake ile ile ya pembeni. Vifurushi sasa vilifungwa na mama mwingine kule nyuma, na haukupita muda wateja wakaanza kulalamika.

Sau alimpikia kwenye sufuria ndogo ya peke yake. Mchele ulilazwa na mafuta na chumvi tangu jana, ukachemshwa hadi punje hazionekani, ukakorogwa upande mmoja tu, ukachujwa. Samaki alimsaga mwenyewe na kumpapasa kwa vidole mara tatu kutafuta mwiba. Siku ya kwanza alimpa kijiko cha kwanza akikishika kwa mikono miwili, yeye aliyekuwa akibeba sufuria la lita sitini. Kit-fong aliuzungusha uji mdomoni. Akameza. Wakangoja, Sau na Bi Luk na mteja wa meza ile, dereva wa teksi Szeto, aliyekula hapo miaka ishirini. Hakukohoa. Mkono wa kushoto ukainuka taratibu, na vidole viwili vikagonga meza mara mbili, vile watu wanavyomshukuru anayewamiminia chai.

"Ee, leo kashukuru!" Szeto akapiga kelele. "Miaka yote anakutukana, leo kashukuru! Mzee Sau, umemroga?"

"Kula tambi zako," Sau akasema, akainama kufuta meza ambayo haikuwa chafu. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakutaka ayaone dereva.

Siku zikaenda. Meza pale ni za wote, unakaa panapopatikana, na watu walikaa na Kit-fong kama zamani. Walimletea umbea badala ya kuuchukua kwake. Szeto alimwambia nani kafilisika. Mama wa duka la vitambaa alimwambia mkwe wake ni mvivu kupita kiasi, na Kit-fong akatoa macho kwa namna ambayo kila mtu alielewa. Uso ulianza kurudiwa na rangi. Duka lilipofungwa siku nne za mwaka mpya, Sau alimpikia nyumbani, kwa siri, mlango umefungwa, maana uji asubuhi ya mwaka mpya ni kujiitia umaskini na majirani wangesema. Siku ya tano Bi Poon akapita nyumbani, akaweka kipimo mgongoni, akasikiliza kushoto, akasikiliza kulia.

"Safi," akasema. "Sikutegemea. Endelea hivyo hivyo, Mzee."

Sau hakuulizwa kuhusu kopo, naye hakulitaja. Siku mbili zilibaki.

Siku ya Saba duka lilijaa hadi njiani. Siku hiyo watu wa mji ule hupenda kula uji wa maini, utumbo na nyama ya kusaga, ule ambao wazazi huwalisha watoto wafaulu mitihani, na wanaula hata watu ambao mtihani wao wa mwisho ulikuwa miaka hamsini iliyopita. Meza za watu wanne zilikaliwa na sita. Maandazi marefu ya kukaanga yalikwisha saa tatu. Bi Luk alitokwa jasho mwezi wa baridi.

"Mzee Sau, leo usinifie tu. Kufa kesho."

"Kesho nina kazi."

Kit-fong aliletwa saa nne na Sze-nga, amevaa sweta jekundu na nywele zimechanwa. Sze-nga akamsalimia baba yake, akamwambia kuwa anakwenda sokoni kununua mboga saba za siku ile na atarudi. Sau akaleta bakuli, akampa vijiko vitatu, na jikoni wakamwita. Akaenda, akajaza mabakuli kumi, akarudi, akampa viwili. Wakamwita tena.

"Nipe mimi nimlishe," Szeto akasema. "Nimekaa tu hapa."

"Wewe endesha teksi."

"Teksi imeegeshwa, Mzee. Hata kijiko hunipi?"

"Huyu ni mke wangu, si abiria."

Watu wa meza ile wakacheka, Szeto naye akacheka na kuinua mikono. Hivyo ndivyo ilivyokwenda, vijiko viwili, jikoni, vijiko vitatu, jikoni, bakuli lile lile na kijiko kile kile kikiwa kimelala ndani yake, saa nzima na zaidi. Kit-fong alikula kuliko siku yoyote. Kila Sau aliporudi, jicho lilikuwa linamngoja. Alifurahi mno. Alimwambia, huku akimfuta kidevu, "Keshokutwa tunakwenda kuwaonyesha, sikia? Tutawaambia mpira wao wawekeane wenyewe." Kit-fong akatabasamu kwa upande mmoja, upande uliobaki.

Kulikuwa kumebaki kidogo chini. Jikoni Bi Luk aliita kwa sauti ya pili, ile ya hasira. Sau hakutaka kumwaga, katika maisha yake hakumwaga uji wa mtu. Akaliinamisha bakuli, akachota kijiko, akampa, akachota cha pili haraka haraka, akampa.

Kit-fong hakukohoa mara moja. Kwanza macho yalijaa maji. Kisha uso ukabadilika rangi, na hapo ndipo kikohozi kilipokuja, kikohozi chembamba kisicho na nguvu, na Szeto akaruka na kuanza kumpiga mgongo, na watu wakasogeza meza.

Sau alikuwa amesimama na bakuli mkononi. Akatazama ndani. Hapakuwa na uji. Palikuwa na maji, maji meupe yanayocheza, na chini yake masalia machache ya samaki.

Hakuna mpishi wa uji asiyejua kitu hiki. Ni somo la siku ya kwanza. Mate ya mtu huvunja uji. Kijiko kilichoingia mdomoni kikirudi kwenye sufuria, baada ya muda sufuria zima litalegea na kuwa maji, na usiku wote wa kazi umekwenda bure. Sau alikuwa amewafundisha vijana wasiopungua kumi na watano katika duka lile, na kila mmoja alipigwa upawa mkononi kwa kosa hilo. Mmoja alimfukuza. Alikuwa akiwaambia, unaonja kwenye kibakuli chako, kijiko chako hakirudi, hata ukiwa mwenye duka, hata ukiwa mfalme. Na ndicho alichotaka kusema Bi Poon pale alipokatwa kauli. Unga wake hauvunjwi na mate.

Siku zote nyingine alimlisha moja kwa moja, dakika kumi na tano, bakuli likaisha bado zito. Hakuwahi kuona. Yeye, kwa miaka arobaini na mmoja, aliwaza mate kwenye sufuria. Mate ya mkewe hakuyahesabu kuwa mate.

Jioni homa ikapanda. Hospitalini hawakuwagombeza. Walimchukua Kit-fong, wakapiga picha ya kifua, na kesho yake saa nne asubuhi mpira ukaingia puani. Walimfunga mkono wa kushoto kwa kitambaa ili asiuchomoe. Ndio ule mkono mzima.

Sze-nga alimkuta baba yake kwenye korido, kwenye viti vya plastiki. Akakaa.

"Daktari anasema ingekuja tu, Baba. Leo au mwezi ujao. Anasema umempa wiki nzuri ambazo hakuzitarajia."

"Daktari hajawahi kupika uji."

"Baba..."

"Ni mimi, Nga. Mtu mwingine hayumo." Akamweleza. Alieleza polepole, kama anayemfundisha kijana wa jikoni, kijiko, mate, bakuli, saa nzima. Hakujipunguzia. Akamwambia na la kopo, kwamba liko juu ya friji, na kwamba uji haukutiwa hata siku moja.

Sze-nga akainuka, akakaa tena. Alikuwa na hasira, na haki ya hasira alikuwa nayo. Angeweza kusema maneno ambayo yangekaa kati yao mpaka kufa kwa mzee yule, na maneno yalifika mdomoni. Akaitazama ile mikono yenye makovu iliyolala magotini, imefunguka, haina cha kushika.

"Angeutema ule wenye unga," akasema mwishowe. "Unamjua. Angeutema kijiko cha kwanza."

"Angeutema," Sau akakubali. "Ningemlazimisha, angezoea. Angekula mpaka leo."

Akalia hapo, mzee mzima, kwa sauti, na wauguzi wakapita wakitazama ubao wa matangazo.

Kit-fong alirudi nyumbani mwezi uliofuata. Sau hakuacha kazi, maana nyumbani asubuhi nzima hakuweza kukaa. Mama wa jirani alimwangalia mgonjwa hadi saa sita, halafu Sau alikuja kwa zamu ya maziwa ya mchana. Alijifunza upesi. Unaunganisha bomba la plastiki kwenye mpira, unamimina maziwa, unaliinua usawa wa kichwa na kuyaacha yashuke yenyewe. Ukiinua sana yanakwenda mbio na anatapika. Ukishusha yanarudi. Ni kazi ya mkono uliotulia, na mkono wake ulikuwa umetulia.

Siku ya kwanza alipoingia chumbani kutoka dukani, Kit-fong alifungua mdomo.

Alidhani anataka kusema. Akainama, akasubiri. Kisha akaelewa. Nguo zake zilinuka uji, tangawizi, mafuta ya kukaangia, na mkewe alikuwa anangoja kijiko.

"Hapana, Mama Nga," akamwambia. "Hapana. Siku hizi hatuli hivyo."

Mdomo haukufungwa. Sau akalia, akampa maziwa, akatoka akakaa ngazini.

Baada ya hapo alianza kuoga dukani. Nyuma ya jiko kulikuwa na bomba la kuoshea mboga na pazia la plastiki, na kila siku saa sita kasoro robo Sau alijisugua kwa sabuni ya mche, kichwa, shingo, ndani ya kucha, akavaa nguo nyingine zilizokaa kwenye mfuko uliofungwa mafundo mawili. Maji ya mwezi wa pili ni baridi, na alikuwa na miaka sitini na tisa. Szeto alimkuta siku moja anatetemeka mlangoni, nywele zinadondosha.

"Mzee, unakwenda kuposa?"

Sau akafunga kifungo cha shati, na Szeto, ambaye hakuwa mjinga, hakurudia. Alifungua mlango wa teksi akampeleka nyumbani.

Siku hiyo alipanda lifti akijinusa viganja. Hapakuwa na kitu, sabuni tu. Akafungua mlango, akaagana na jirani, akachemsha maji, akapasha maziwa, akaingia chumbani na bomba la plastiki mkononi. Kit-fong alikuwa amegeukia dirishani. Akageuza shingo, akamwona mumewe, na mdomo ukafunguka, mpana, kama alivyokuwa akifungua pale dukani.

Haikuwa harufu, basi. Ilikuwa ni yeye.

Sau akakaa ukingoni mwa kitanda. Akaunganisha bomba, akamimina, akainua mkono usawa wa kichwa cha mkewe. Maziwa yakaanza kushuka taratibu. Alimtazama usoni muda wote, hakujiona na haki ya kugeukia pembeni, na Kit-fong alimtazama yeye, mdomo wazi, mpaka maziwa yalipokwisha.